Wageni Wakija, Mpe Khisa Kiti

Munyaka, Eldoret
18 Agosti 2019

Kwako dada yangu mkubwa Nanzala, Mama Wanyama,

Pokea salamu zangu, nyingi kama mahindi ya Moi's Bridge mwaka wa mvua nzuri. Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi, miguu imepoa, na yule ng'ombe wako mweusi ameacha ukaidi wa kupiga ndoo teke. Goti linasemaje? Wanyama amepata ile kazi ya maghala ya nafaka, ama bado anaambiwa arudi kesho? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Baba Faith anakohoa kidogo asubuhi, lakini ni baridi tu, na wewe unaijua baridi ya Eldoret mwezi wa nane, inaingia mpaka ndani ya kijiko. Alfajiri ukungu unashuka Munyaka yote, unameza paa la kanisa, unameza ua wa jirani, halafu unaturudishia kimoja kimoja, kama mtu anayetoa vyombo kwenye maji ya sabuni. Nikiwa nasukuma mlango wa kuku huwa nakuwaza wewe.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Dada, simu yako ni ya boma zima. Nikisema neno moja, Wanyama ameshaliweka kwenye spika, na kabla sijamaliza kusalimu mama wa ng'ambo ya barabara amejibu kwa niaba yako. Neno la leo nataka ulisome peke yako, miwani ikiwa puani. Faith alitaka kunichapia kwa kompyuta, nikakataa. Mwandiko wangu bado ni ule ule ambao mwalimu wa darasa la saba aliwaonyesha wenzangu akawaambia waone haya. Atakuletea Obiero, dereva wa lori la mahindi. Nimempa chapati za njiani ili asiisahau barua kwenye dashibodi.

Sasa habari kubwa. Najua huwa mnanicheka, mnasema Nekoye hata akipika kunde atatangaza amechinja. Leo nimechinja kweli. Faith wangu anaposwa.

Mwalimu Faith, yule aliyekuwa akiandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni hadi baba yake akachoka kupaka chokaa, sasa anafundisha shule ya msingi kule mji mdogo wa Ziwa, na watoto wake wanasoma kuliko watoto wa mwalimu mkuu mwenyewe. Sisemi mimi, wanasema wazazi. Siku ya soko nikipita pale Ziwa na kikapu changu, nasikia wakinong'onezana kwamba huyo ndiye mama yake Mwalimu. Nami natembea polepole ili wapate nafasi ya kuendelea.

Kijana anaitwa Kipkirui. Ni mrefu, mpole, anashughulikia ng'ombe wa maziwa wa baba yake. Anasema siku ya kwanza alimwona Faith akivuka uwanja wa shule kwenye ukungu, amebeba ile chati kubwa ya wanyama mbele ya kifua. Yeye hakumwona mtu. Aliona twiga anaelea peke yake, shingo juu, anakwenda darasani. Akasimamisha pikipiki yenye mitungi ya maziwa akabaki anatazama mpaka twiga akaingia mlangoni, akageuka, akawa msichana. Mimi nikamwambia Baba Faith kwamba kijana anayeona hivyo asiachwe aende.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia hii, wakaja kwetu. Dada, ungeiona nyumba. Vitambaa vya makochi nilivifua nikavianika mpaka vikang'aa kama maziwa. Kuku walikuwa wanono, ugali wa wimbi uko, mchele uko, chai ya maziwa matupu. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akauliza kama gavana anakuja, nikamjibu kwamba gavana angepewa maharagwe. Akaingia Mzee Amos, baba yake Kipkirui, na kofia yake na fimbo, mtu wa maneno machache yanayokaa pale yalipowekwa. Wakaingia wazee wenzake. Na nyuma yao akaingia Chepkirui, shangazi wa kijana, dada yake Mzee Amos, mama mzito mwenye viatu vinavyong'aa na macho yanayohesabu sufuria.

Unajua desturi. Kwao, kama kwetu, ng'ombe wa mahari hawatajwi kabla ukoo haujaulizwa. Kuna wezi? Kuna wachawi? Kuna kifafa? Na kuna mwenye kichaa? Hilo la mwisho ndilo linalovunja nyumba. Unakumbuka posa ya binti wa shangazi yetu, jinsi wageni walivyoinuka chai ikiwa bado inatoa moshi, kwa sababu mtoto alitaja jina moja.

Jina lenyewe wewe unalijua kuliko mimi, maana ndiwe unayelipelekea chakula. Ndugu yetu Khisa. Yule wa nyuma, ndivyo tulivyozoea kumwita, ili hata ulimi usahau. Alipoanza kuongea na mikaratusi, Faith akiwa hajazaliwa, tulimpeleka kwa mganga akachanjwa mgongo. Tukampeleka kwa nabii, naye akamfungisha chakula mpaka akawa hawezi kusimama. Mjomba akasema hospitali ni mbali na watu wataona. Mwisho tukampa kile chumba nyuma ya ghala la mahindi, na wageni wakija mlango unafungwa kwa nje, na sote tunasema Khisa alikwenda Uganda. Hiyo Uganda imekuwa kubwa kweli, imemmeza mtu aliye karibu na meza ya chai hivi kwamba anasikia vijiko.

Basi wazee walipouliza, Baba Faith alijibu kama tulivyokubaliana. Alisema kwetu hakuna, wala kwa kina mama yake Faith hakuna. Mzee Amos akaitikia kwa kichwa polepole. Nikavuta pumzi. Kutoka pale jikoni nilishaona ng'ombe wakiingia langoni, weupe na weusi, kama picha ya kalenda.

Halafu Chepkirui akaja jikoni. Huyo alitumwa. Kila posa ina mwanamke mmoja anayetumwa jikoni kuwa macho ya wazee, aone kama bibi arusi anatoka kwa watu safi. Akaketi kwenye kigoda, akasifu kuku, kisha akashika kichwa. Akasema ameondoka Ziwa mbio mbio akasahau kidonge chake cha presha, na sasa sakafu inapanda inashuka. Akasema Faith amewaambia mimi pia ni mtu wa presha, kwamba sikosi kliniki, kwamba kikundi cha kina mama kinaniita daktari. Basi nimgawie kimoja tu, atanirudishia tukikutana Ziwa.

Si unajua wanawake tunavyogawiana vidonge. Kama chumvi. Na si unajua nilivyojivuna na presha yangu. Nimewafundisha kina mama wa kanisa zima kupunguza chumvi, kulala mapema, kutogombana na mashemeji. Kila mwezi navaa sweta langu zuri naaga watu barabarani kwamba nakwenda kupimwa. Wewe mwenyewe ulinitumia vitunguu saumu, eti vinashusha.

Nikatoa mkebe wa majani ya chai, humo ndimo navihifadhi. Nikatia kidonge kiganjani. Cheupe, kidogo, kama vidonge vyote. Chepkirui akanyoosha mkono. Na mkono wangu, dada, ukafumba wenyewe.

Sina presha. Sijawahi kuwa nayo. Kila wanaponipima wanasema moyo wangu unapiga kama wa msichana. Dawa ninayomeza ni ya akili. Nimeimeza miaka yote hii tangu baada ya fujo za kura, zile za nyumba kuchomwa, na kliniki ninayokwenda ni ile ya mlango wa pembeni, ambayo watu wakiwa kwenye benchi lake hugeuza uso ukutani wakiona mtu wa mtaa wao anapita.

Vuta pumzi kwanza, halafu usome. Nitakueleza jinsi ilivyoanza, maana hujawahi kuisikia.

Unamkumbuka Mama Macharia, jirani niliyekuwa nikianika naye nguo kwenye kamba moja, yeye nusu yake na mimi nusu yangu. Ile siku moshi uliposimama juu ya mtaa kama ukuta, walipanda lori na watoto na godoro, nguo zikabaki kwenye kamba. Sisi tukakimbilia uwanja wa kanisa. Tuliporudi nguo zilikuwa bado zinapunga upepo, zimevaa vumbi la majivu, shati la mume wake likiinua mkono kama linaloita mtu. Nikazianua, nikazifua, nikazikunja vizuri nimwekee.

Fujo ikaisha, watu wakasema amani imerudi. Kwangu haikurudi na wengine. Asubuhi moja ukungu uliingia ndani ya nyumba, ukaketi kwenye kiti cha Baba Faith, ukavuka miguu. Sikuogopa. Nilidhani ni mgeni. Nikamtengea chai. Kisha nikaanza kumsikia Mama Macharia ng'ambo ya ua, akiuliza kama nguo zimekauka. Nikizitoa kabatini nazifua tena, zimekauka nazifua tena, mpaka rangi zote zikaenda na maji. Na wakati mwingine, dada, nilimsikia mama yetu akipepeta wimbi, chwaa, chwaa, akiimba kwa pua vile alivyokuwa akiimba akidhani hatusikii. Hiyo sauti ilikuwa tamu. Nitasema kweli, dawa ilipoiondoa nilimlilia mama mara ya pili.

Faith alikuwa mtoto wa shule. Alijifunza kupika ugali kwa sababu mimi nilikuwa kwenye karai. Majirani wakawaita watoto wao wasicheze kwetu. Mama mmoja wa kanisa akasema ni pepo la moshi, likemewe, na likakemewa mpaka sauti za waliokemea zikakauka. Ni Baba Faith, Mabonga wangu yule mnayemwita bubu, aliyenipandisha kwenye baiskeli akaniambia tunakwenda kununua sabuni. Nikakubali, maana sabuni ilikuwa imeisha. Akanipeleka hospitali. Nesi akaniuliza naona nini, nikamwambia, akaandika bila kucheka. Mtu akikusikiliza hivyo unaweza kulala hapo hapo kwenye kiti.

Njiani kurudi Baba Faith ndiye aliyevumbua presha. Alisema presha ni ugonjwa wa watu wenye heshima. Na hakukosea, maana tangu siku hiyo watu waliniletea ndizi. Lakini ujue si rahisi. Kuna miezi tunaambiwa dawa haijafika, na Baba Faith hataki kununua pale kona kwa sababu msichana wa duka anaimba kwaya na sisi, basi anazunguka mji mzima kutafuta duka ambalo halijui jina lake. Kuna mwaka manesi waligoma, nikakaa bila dawa, na ukungu ukaanza kuchungulia dirishani. Mama Macharia yeye ni mzima, yuko Naivasha, hupiga simu Krismasi. Nguo zake alizipokea zikiwa nyeupe zote. Alizigeuza geuza, akasema zimetakata.

Sasa turudi jikoni. Nilisimama na ngumi yangu, na Chepkirui akadhani nina uchoyo. Nikaona njia mbili. Ningempa, kichwa chake kingezama, maana mimi nilipomeza mara ya kwanza nililala mpaka kuku wakarudi bandani, na miguu yangu ikawa ugali. Na mtu wa presha kali, nani ajue kingemfanyia nini. Ningemnyima bila sababu, ningekuwa nimetukana mkwe. Nikaona na Faith anapita mlangoni na trei, amependeza, na nikajua kwamba nikifungua mdomo, ile trei inaweza kuwa ya mwisho.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya chini, mama, hiki si cha presha, ni cha kichwa, na kichwa chenyewe ni changu.

Aliniangalia mikono. Akaangalia sufuria. Akauliza ni nani aliyepika chakula ambacho wazee wanakula sasa hivi. Nikasema ni mimi, na nikaongeza kwamba wameomba mara ya pili. Akauliza kichwa kikiruka huwa napiga watu? Nikasema hapana, huwa nafua nguo. Akatafakari hilo. Akasema basi ni afadhali, maana mume wake akilewa hata kufua hafui. Akauliza kama angemeza angeamka lini. Nikamwambia labda ng'ombe wakiwa wameshafika na kuzaa. Hapo akacheka, tumbo likatikisika, kisha akaacha ghafla. Akasema yeye alitumwa jikoni kuwa macho, na hawezi kurudi kwa ndugu yake kipofu. Nikamwambia najua.

Kwanza Faith alimshika mkono wakaenda duka la dawa la kona, akapimwa, na kumbe presha yake ilikuwa juu kweli kweli. Akapewa yake, akapumzika. Ndipo akaingia sebuleni. Mimi nikabaki na mgongo kwenye mlango. Nilisikia vijiko vikinyamaza kimoja kimoja.

Mzee Amos alimuuliza Baba Faith kama ni kweli. Baba Faith akasema ni kweli, akasema na kunificha lilikuwa wazo lake. Nikasubiri kusikia viti vikisogezwa. Badala yake Mzee Amos akaitisha chai zaidi. Akasema ile miaka ilitikisa vichwa vingi, hata kwao Ziwa kuna mwanamume aliyekuwa akilala na viatu akisubiri kukimbia. Akasema huo ni mshtuko, si damu. Jambo lililomwingia mtu kwa moshi halipiti kwa maziwa kwenda kwa watoto. Lakini ili mioyo ya wazee itulie, ni lazima waende kwa wajomba wa msichana, upande wa mama, wajionee kwamba huko damu ni safi. Wakikuta ni safi, watarudi kutaja ng'ombe. Watakuja kwako Moi's Bridge Jumamosi hii. Mzee Amos mwenyewe, wazee wawili, na Chepkirui. Wameshanitumia salamu.

Unaona kamba ilipofungwa. Mimi wamenisamehe kwa sababu ya moshi. Khisa hakuugua kwa moshi. Khisa alianza zamani, kwenye amani, jua likiwaka. Wakimwona Khisa watasema kumbe ni damu, na mimi na yeye ni chungu kimoja, na Faith ametokana na udongo huo huo.

Kwa hiyo nilipoketi kukuandikia mara ya kwanza, dada, nilikuandikia barua nyingine. Nilikuandikia ufunge mlango. Nilikwambia uweke magunia mbele yake, uwashe redio, useme Uganda. Niliandika vizuri, kwa mwandiko ule ule. Nikaiweka juu ya kabati.

Jioni hiyo hiyo Faith alikuwa akisuuza vikombe. Mwanangu hapayuki, hata akikasirika anaongea kama anayesahihisha madaftari. Akasema Kipkirui anajua habari za mjomba Khisa, kwamba yeye Faith ndiye aliyemwambia, zamani, na Kipkirui anamwogopa baba yake lakini hamwogopi mjomba. Akasema anakumbuka alipokuwa mdogo Khisa alimpa gari la mabua ya mahindi kupitia ule mwanya chini ya mlango, akalisukuma taratibu lisivunjike. Akasema kama arusi yake inahitaji mtu afungiwe ndipo isimame, basi iketi kwanza. Nikamwambia hajui dunia. Nikamwambia mengi. Nikasema sikumlea kwa dawa na machozi ili aje aachwe na kijana mwenye ng'ombe kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake tumelizika. Akapangusa kikombe cha mwisho, akaniuliza, mama, na wewe ungefungiwa wapi?

Jibu lenyewe nilikuwa nalijua. Kama Baba Faith hangekuwa na baiskeli na uongo wa sabuni, leo ningekuwa na chumba changu nyuma ya kitu.

Siku mbili baadaye ilikuwa kliniki yangu. Benchi ni lile lile, baridi ni ile ile, watu wameinamisha vichwa kama mahindi yaliyokomaa. Nesi ana maswali yake ambayo huuliza kila safari, na mojawapo ni hili, kama kuna mwingine katika ukoo wetu mwenye shida kama yangu. Miaka yote nimejibu hapana. Nimejibu haraka, na kifua mbele, kama ninavyojibu nikiulizwa kama nina deni. Safari hii lile swali lilinijia na sauti ya Mzee Amos ndani yake, lile lile, neno kwa neno. Wazee wanaliuliza wapate kuondoka. Yule nesi, msichana mwenye sweta la bluu, alikuwa ameshika kalamu na kuniangalia, na nikaona kwamba yeye analiuliza apate kuanza.

Nikasema ndiyo. Nikasema, yuko mmoja, anaitwa Khisa. Dada, nililitamka hilo jina kwa sauti, na hakuna aliyeinuka. Akaniuliza yuko wapi, na mdomo wangu ukaanza kusema Uganda, kwa mazoea, kisha ukasema Moi's Bridge. Akasema mlete. Akasema amekaa muda mrefu bila dawa kwa hiyo hawezi kuniahidi miujiza, wengine hurudi karibu na wengine hurudi nusu njia, lakini hakuna anayerudi akiwa amefungiwa.

Nilirudi nyumbani nikaitia ile barua ya kwanza kwenye jiko. Hii ndiyo ya pili.

Sasa sikiliza ninachokuomba, na najua nakuomba wewe uliyebeba mzigo huu wakati mimi nilikuwa nikijivuna mjini. Jumamosi asubuhi mfungulie. Mpashie maji moto, Wanyama amnyoe, avae lile koti la marehemu baba, najua unalo. Wageni wakija mpe kiti, kiti chenye mgongo, si kigoda, na umweke pamoja nao ndani, si mlangoni. Mpe chai kwenye kikombe kama cha wengine. Usimfundishe la kusema. Akiimba, mwache aimbe. Akiongea na mikaratusi, waambie wageni huyu ni Khisa, ndugu yetu, anaumwa, na dada yake Nekoye anampeleka hospitali. Usiseme zaidi ya hapo, na usiseme pungufu.

Huenda wakainuka chai ikiwa moto. Nimeshalitazama hilo mchana na usiku. Sitakudanganya kwamba niko tayari, nikimwona Faith akipiga pasi blauzi yake ya shule moyo wangu unateleza. Huenda Mzee Amos akaweka fimbo yake chini akaketi. Huenda Chepkirui akasema neno, huyo mama ana neno lake. Sijui. Ninachojua ni kwamba binti yangu amechagua kabla yangu, na nikijisifu kwa hilo usinicheke, maana huyo nilimzaa mimi.

Wakae au waondoke, Jumanne inayofuata panda na Khisa mje. Asifungwe kamba. Akikataa kuingia kwenye gari msubiri, nunua mahindi ya kuchoma mle hapo barabarani, mtapata lingine. Mimi nitawangoja pale lango la hospitali. Usinitafute mwenye leso usoni. Nitakuwa na kichwa wazi, na sweta langu zuri, na atakayepita kutoka Munyaka nitamsalimia kwa jina.

Nisalimie Wanyama, mwambie kazi itapatikana, mtoto wa nyumba hii hakosi. Nisalimie mama wa ng'ambo ya barabara, ingawa barua hii usimsomee. Baba Faith anakusalimu sana, anasema goti ulisugue kwa mafuta ya kondoo. Faith anakubusu mikono.

Na maneno haya ya mwisho nenda nayo nyuma ya ghala, fungua mlango, umsomee mwenyewe, polepole, hata kama anaonekana hasikii. Khisa, ndugu yangu, ni mimi Nekoye. Jumanne tutakwenda mahali penye benchi refu na watu wengi wanaonyamaza. Usiogope foleni. Atakayekuwa mbele yako ni mimi.

Wako mdogo akupendaye,
Nekoye, Mama Faith